Kitagalogi kilikotoka na kilivyokua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukifanya kazi Doha, Dubai au Muscat, au ukiajiriwa kwenye meli za mizigo, hukosi kukutana na Wafilipino. Ukikaa nao kidogo utasikia neno moja moja linalokugutusha kwa sababu unalijua: *salamat*, *mesa*, *hukom*. Ndipo maswali yanapoanza. Wengine hudhani ni Kihispania kilichoharibika, wengine hudhani ni Kimalay, na wapo wanaoamini lugha hii ilitungwa juzi na serikali. Hapa chini ni maswali yanayojirudia zaidi, pamoja na majibu yake.

Kitagalogi ni lugha ya wapi hasa?

Ni lugha ya Ufilipino, kisiwa cha Luzon, upande wa kati na kusini: Manila yenyewe, Bulacan kaskazini yake, Laguna, Batangas, Cavite, Quezon, pamoja na visiwa vya Marinduque na Mindoro. Ufilipino una lugha zaidi ya 170, kwa hiyo Kitagalogi ni moja tu kati ya nyingi, ila ndiyo inayotanda kuliko zote. Katika sensa ya mwaka 2020 takribani asilimia 40 ya kaya za nchi hiyo zilisema ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Wengine wengi hukijua kama lugha ya pili, kwa sababu ya shule, televisheni na Manila.

Je, si tawi la Kihispania?

Hapana, na ndilo kosa linaloniuma kulisikia, maana linawafuta watu hawa historia yao yote ya kabla ya 1521, Wahispania walipofika. Kihispania kiliingiza maneno mengi katika Kitagalogi, kama Kiarabu kilivyoingiza katika Kiswahili, lakini mifupa ya lugha ni mingine kabisa. Ukitaka kuona lugha ya Ufilipino iliyozaliwa kweli kutokana na Kihispania, ipo: ni Kichavacano, kinachozungumzwa Zamboanga na sehemu za Cavite. Mtagalogi akikisikia haambulii zaidi ya maneno ya kuokoteza.

Basi ukoo wake ni upi?

Kitagalogi ni lugha ya Kiaustronesia. Ukoo huu umetapakaa baharini kuliko ukoo wowote mwingine wa kale: kuanzia Taiwan, kupitia Ufilipino, Indonesia na Malaysia, hadi Hawaii na New Zealand upande wa mashariki, na Madagaska upande wetu. Wanaisimu na wanaakiolojia wengi wanakubaliana kwamba chimbuko lake ni Taiwan, na kwamba wasemaji wake walivuka kuingia kaskazini mwa Ufilipino kiasi cha miaka 4,000 iliyopita wakiwa na mitumbwi na ufundi wa kilimo.

Msomaji wa pwani yetu asiione habari hii kuwa ya mbali. Kimalagasi cha Bukini ni ndugu wa Kitagalogi. Wasemaji wake walitoka Borneo, wakakata Bahari ya Hindi nzima. Kibushi kinachozungumzwa Mayotte nacho ni Kimalagasi. Hata ngalawa tunayovulia samaki, ile yenye matengo pande mbili, watafiti wengi huihusisha na mabaharia hao hao.

Tazama maneno haya. La kwanza ni la Kitagalogi, la pili la Kimalay, la tatu la Kimalagasi:

jiwe: *bato, batu, vato*
moto: *apoy, api, afo*
mbingu: *langit, langit, lanitra*
mtoto wa mtu: *anak, anak, zanaka*
tano: *lima, lima, dimy*
nane: *walo, lapan, valo*

Kwenye nane Kimalay kimeshika njia yake peke yake, huku Manila na Antananarivo zikibaki na neno la babu mmoja. Bahari nzima iko katikati yao.

Kufanana kwa maneno machache kunathibitisha nini? Si bahati tu?

Kufanana peke yake hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni tofauti zinazofuata mpangilio. Chukua mchele uliokobolewa: Kimalay ni *beras*, Kitagalogi ni *bigas*. Yai: *telur* kwa *itlog*. Nazi: *nyiur* kwa *niyog*. Mshipa: *urat* kwa *ugat*. Pale Kimalay kilipo na *r*, Kitagalogi kina *g*, tena na tena. Lugha mbili hazikai kikao zikapatana hivyo. Ni sauti moja ya kale iliyogeuka namna mbili katika nyumba mbili.

Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuona Kitagalogi kinavyotofautiana na ndugu zake wa karibu. Katika mgawanyo wa lugha za Ufilipino kimewekwa kundi la kati, pamoja na Kibikol na lugha za Visayas, visiwa vya katikati ya nchi, kama Kicebuano na Kihiligaynon. Mcebuano huita njia *dalan* na mwezi *bulan*. Mtagalogi husema *daan* na *buwan*. Ile *l* katikati ya irabu imedondoka. Waswahili hawashangai jambo kama hilo.

Watagalogi walikuwa Manila tangu mwanzo?

Inaelekea sivyo. Kwa kuwa ndugu zake wa karibu wote wako kusini, wanaisimu kama David Zorc wameona kwamba asili ya kundi hili ni mashariki ya Visayas au kaskazini mashariki ya Mindanao, na kwamba Watagalogi walipanda kuja Luzon baadaye. Huko waliwakuta watu wengine, wakiwamo wasemaji wa Kikapampangan, lugha ambayo imeacha alama ndani ya Kitagalogi. Kwa hiyo hata ghuba ya Manila, inayoonekana leo kama kitovu cha Kitagalogi, ilikuwa na wenyewe.

Jina lenyewe lina maana gani?

Jibu utakalopewa na wengi ni *taga-ilog*, yaani watu wa mtoni, kwa kuwa *taga* huonyesha mtu anakotoka na *ilog* ni mto. Wapo wataalamu wanaoona haliendani vizuri na sauti za lugha, wakapendekeza *taga-alog*, watu wa kivukoni. Mto Pasig unapita katikati ya Manila, kwa hiyo majibu yote mawili yanaingia akilini.

Maandishi ya kale kabisa yanayohusu Kitagalogi ni yapi?

Ni bamba jembamba la shaba, dogo kuliko ukurasa wa gazeti, lililopatikana karibu na Mto Lumban mkoani Laguna mwishoni mwa miaka ya 1980 wakati mchanga ukichimbwa. Wafanyabiashara wa vitu vya kale hawakulitambua thamani. Baadaye lilinunuliwa na Makumbusho ya Taifa, na Antoon Postma, Mholanzi aliyekuwa akiishi Mindoro, akalisoma.

Habari iliyomo ni ya deni. Linasema kwamba bibi Angkatan na nduguye Bukah, watoto wa Namwaran, pamoja na jamaa zao, wamesamehewa deni la dhahabu la *kati* 1 na *suwarna* 8, vipimo vya uzito vya wakati ule, na kwamba asitokee mtu siku za mbele akadai halijalipwa. Tarehe yake imeandikwa kwa kalenda ya Kihindi ya Saka, mwaka 822, ambayo ikipigiwa hesabu inaangukia Aprili 21, mwaka 900. Limetaja Tundun, ambayo wengi wanaiona kuwa Tondo ya leo, mtaa wa Manila.

Lugha yake hasa ni Kimalay cha kale, kwa hati ya Kikawi ya Java, ndani yake mna Kisanskriti na Kijava cha kale, na maneno yanayofanana na Kitagalogi. Kwa hiyo si sahihi kuliita andiko la kwanza la Kitagalogi, ingawa utaliona likiitwa hivyo. Ninaloliona kubwa zaidi humo ni hili: mwaka 900 watu wa ghuba ya Manila walikuwa na hati za kisheria, mizani ya dhahabu, na lugha ya biashara iliyowaunganisha na Sumatra na Java. Wahispania walikuwa bado zaidi ya karne sita mbele.

Na maneno kama *salamat* na *hukom* yalifikaje huko?

Yalipitia Kimalay, lugha ya biashara ya bahari zile zote. Magellan, nahodha wa meli za Wahispania, alipofika mwaka 1521, mtumwa wake Enrique alizungumza Kimalay na wakubwa wa huko wakamwelewa. Uislamu nao ulikuwa umeshaingia. Manila ilikuwa na uhusiano na usultani wa Brunei. Ndani ya Kimalay tayari kulikuwa na Kiarabu, kwa hiyo *salamat*, ambayo Watagalogi hutumia kusema asante, inatoka kwenye shina moja na *salama* yetu, na *hukom*, yaani hakimu, ni ndugu wa *hukumu*.

Kabla ya Kiarabu kulikuwa na Kisanskriti: *guro* ni mwalimu, *mukha* ni uso, na *Bathala*, mungu mkuu wa Watagalogi wa kale, jina lake limetokana na cheo cha heshima cha Kisanskriti. *Laksa* ni elfu kumi. Shina lake la Kihindi ndilo lililotupa *laki*, ila sisi tunahesabu laki moja kuwa elfu mia.

Wachina wa Fujian wameacha mengi jikoni na nyumbani. *Pansit* ni tambi, *toyo* ni mchuzi wa soya, *susi* ni ufunguo. Na kaka mkubwa huitwa *kuya*, dada mkubwa *ate*. Mkifanya kazi pamoja utayasikia haya mawili kutwa, maana Mfilipino hamwiti aliyemzidi umri kwa jina tupu.

Baybayin ni nini, na ni kweli mapadri waliyachoma maandishi hayo?

Baybayin ndiyo hati ya Watagalogi ya kabla ya Wahispania na kwa muda baada yao. Ina alama 17: irabu tatu na konsonanti 14. Kila konsonanti husomeka na *a*. Ukiweka nukta juu inakuwa *i* au *e*, chini inakuwa *u* au *o*. Iliandikwa kwa ncha ya kisu juu ya mianzi na majani. Pedro Chirino, Mjesuiti aliyechapisha kitabu chake Roma mwaka 1604, aliandika kwamba karibu hakuna mwanamume wala mwanamke wa visiwa vile asiyejua kusoma na kuandika.

Ugumu wake ulikuwa kwenye konsonanti ya mwisho wa silabi, ambayo haikuandikwa. *Bundok*, mlima, uliandikwa *bu-do*, na msomaji akajijazia. *Bata*, mtoto, na *batas*, sheria, zote zilikuwa *ba-ta*. Mwenye lugha haangaiki, kama babu zetu walivyosoma barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kupotea. Mgeni anayejifunza ndiye anayetaabika. Mwaka 1620 padri Francisco López alijaribu kuongeza alama ya msalaba ya kuua irabu, nayo haikupokelewa na wenyeji wakati ule.

Kuhusu kuchomwa: habari hiyo imesambaa sana, lakini ushahidi unaelekea kwingine. Kitabu cha kwanza cha Kitagalogi kilichopigwa chapa na hao hao mapadri kina Baybayin ndani yake. Hati mbili za mauziano ya ardhi, za 1613 na 1625, zilizoandikwa kwa Baybayin, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Santo Tomas mjini Manila. Kilichoidhoofisha, kwa ninavyoona, ni kwamba kanisa, mahakama na kodi vyote vilikwenda kwa herufi za Kirumi, na mzazi akaona faida iko huko. Kufikia 1745 Sebastián de Totanes aliandika kwamba ni nadra kumpata mwenyeji anayeweza kuisoma. Hati ndugu zake hazikufa: Wahanunoo na Wabuhid wa Mindoro bado wana zao.

Hispania ilitawala tangu 1565 hadi 1898. Mbona Wafilipino hawasemi Kihispania?

Kwa sababu watawa walijifunza lugha za wenyeji badala ya kuwafundisha wenyeji yao. Sinodi ya Manila ya 1582, yaani baraza la kanisa, ilikubali dini ifundishwe kwa lugha za huko. Wahispania wenyewe walikuwa wachache, na mara nyingi padri ndiye alikuwa Mhispania pekee kijijini. Shule za msingi za kufundisha Kihispania kwa watu wote ziliamriwa mwaka 1863 tu, na kufikia hapo utawala wao ulikuwa ukingoni.

Matokeo yake ni hazina kubwa. Mwaka 1593 ilichapwa *Doctrina Christiana*, kitabu cha mafundisho ya Kikristo, kwa Kihispania na Kitagalogi. Sala ya Baba Yetu humo inaanza *Ama namin nasa langit ca*. Mtagalogi wa leo anaielewa papo hapo, tofauti ni tahajia. Mwaka 1610 Tomas Pinpin, mchapaji wa kwanza Mfilipino, alitoa kitabu cha kuwafundisha Watagalogi Kihispania. Nampenda sana huyu mtu: wakati kila mtawa anaandika sarufi ili amwelewe mwenyeji, yeye aligeuza mambo, akaandika ili mwenyeji amwelewe mtawa. Mwaka 1613 ikafuata kamusi ya Pedro de San Buenaventura, iliyochapwa Pila, Laguna, na Pinpin huyo huyo akishiriki. Lugha nyingi za dunia hazina kamusi ya umri huo.

Kihispania kilibadilisha nini ndani ya Kitagalogi?

Kwanza msamiati: *mesa* ni meza, ambayo sisi tuliipata kwa Wareno, *bandera* ni bendera, vivyo hivyo, *bintana* ni dirisha, *sapatos* ni viatu, siku zote za juma, na salamu yenyewe, *kumusta*. Saa husomwa kwa Kihispania hadi leo, *alas tres* ni saa tisa ya kwetu, ingawa kuhesabu vitu kunatumia namba za asili. Meli za Manila na Acapulco, zilizosafiri hadi 1815, zilileta na maneno ya Wenyeji wa Mexico: *kamote*, kiazi kitamu, na *tiyangge*, soko.

Pili, irabu. Baybayin ilitosheka na tatu kwa sababu *e* na *i* hazikutenganisha maana, wala *o* na *u*. Maneno ya kigeni yalipojaa, zikawa tano.

Lakini kitenzi hakikuguswa, na kitenzi ndiyo roho ya Kitagalogi. Chukua shina *bili*, nunua. *Bumili* humweka mbele mnunuzi. *Binili* huweka mbele kilichonunuliwa. *Binilhan* huweka mbele uliyenunua kwake, na *ibinili* huweka mbele uliyemnunulia. Angalia viambishi *-um-* na *-in-* vinavyoingia katikati ya shina, baada ya konsonanti ya kwanza. Viambishi hivyo hivyo vimo katika lugha za asili za Taiwan, ndiyo kusema vina umri wa maelfu ya miaka. Sisi tuna *nunua, nunulia, nunuliwa*. Mwenye kuzoea minyambuliko hiyo hapati shida kuona wazo lake.

Na mgeni yeyote akiingia hufuata sheria. *Trabaho*, kazi, ni neno la Kihispania. Anayefanya kazi sasa hivi *nagtatrabaho*, silabi ya kwanza ya shina ikirudiwa kama desturi. Anayetuma ujumbe kwa simu *nagte-text*, sheria ile ile.

Kitagalogi na Kifilipino ni lugha moja au mbili?

Kwa sikio ni moja. Kwa sheria ni mbili, na safari ilikuwa hivi. Wanamapinduzi waliifanya Kitagalogi kuwa lugha rasmi katika katiba ya Biak-na-Bato ya 1897. Wamarekani wakaja, wakaweka Kiingereza shuleni. Katiba ya 1935 ikataka lugha ya taifa itokane na mojawapo ya lugha za nchi. Taasisi ya kuichagua iliundwa 1936 chini ya Jaime de Veyra, mtu wa kisiwa cha Leyte huko Visayas, na wajumbe wake wengi hawakuwa Watagalogi. Walichagua Kitagalogi, kwa hoja ya vitabu vyake vingi na nafasi yake Manila, na Rais Manuel Quezon akatangaza Desemba 30, 1937.

Lope K. Santos akaandika sarufi rasmi na alfabeti ya herufi 20, ambayo *k* ilichukua nafasi ya *c* na *qu* za Kihispania, jambo ambalo José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa, alilitetea tangu 1890. Mwaka 1959 jina likabadilishwa kuwa *Pilipino* ili kupunguza harufu ya kabila moja. Katiba ya 1987 ikaandika *Filipino*, iendelezwe kwa kutajirishwa na lugha nyingine za nchi, na alfabeti ikafika herufi 28.

Wasemaji wa lugha nyingine waliridhika?

Wengi hawakuridhika, hasa Wacebuano, na bado wapo wasioridhika. Hoja yao ni ya haki: Quezon mwenyewe alitoka eneo la Kitagalogi, na kubadilisha jina hakubadilishi sarufi. Tangu 2013 sheria ilitaka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha mama. Sheria ya Oktoba 2024 ikaondoa sharti hilo, na mjadala umewaka upya.

Vijana wanaochanganya na Kiingereza wanaiua lugha?

Siamini. *Taglish* ni mazungumzo ya mjini yenye kanuni zake, na *nagte-text* imekwisha kutuonyesha nani bwana wa nyumba. Watunzi wa maneno rasmi walijaribu kuingiza *salipawpaw* liwe neno la eropleni. Watu wakabaki na *eroplano*. Vijana nao wana kinyume chao, kama kile cha kwetu: *tigas*, ugumu, wameipindua ikawa *astig*, yaani mtu hodari, mkali. Hiyo imeshika kuliko neno lolote la kamati.

Nikitaka kusikia Kitagalogi cha zamani niende wapi?

Marinduque, ambako wanaisimu wamekuta vipengele vya vitenzi vilivyokwisha kupotea Manila, au Batangas. Batangas bado wanakata pumzi katikati ya *gab-i*, usiku, na *tam-is*, utamu, pale ambapo Manila husema *gabi* na *tamis* mfululizo. Kitenzi chao pia kina namna yake. Kumuuliza mtu kama anakula, Manila husema *kumakain ka ba?* na Batangas *nakain ka ga?* Mtu wa Manila akilisikia hilo hudhani ameulizwa kama ameliwa. Ukijifunza kwa mfanyakazi mwenzako wa Kifilipino, muulize kwanza kwao ni mkoa gani.